Umeinua Pikapu, Alaimenti Je? Mastaa Tuonyesheni Karatasi

Leo sina umbea wa nani kamuacha nani. Leo nina hasira na nitazimwaga zote hapa, atakayenuna anune.

Kuna msanii mmoja mkubwa hapa mjini, jina kapuni. Msije inbox kuniuliza, sitamtaja ng'o. Miezi kadhaa nyuma alivuta pikapu, dabo kebini, nyeupe pee. Haikumaliza hata mwezi ikapelekwa gereji, ikanyanyuliwa inchi tatu, ikavalishwa matairi makubwa ya tope, rimu nyeusi, taa juu ya paa kama meli. Akaposti. Mji ukasimama. Hata mimi niliweka picha hapa na nikaandika "mnyama katoka". Nyie mkapiga laiki mpaka simu yangu ikapata moto.

Sasa sikilizeni ambacho hakikupostiwa.

Nilipata lifti kwenye hiyo hiyo pikapu kwenda Morogoro kwenye shoo. Tulikuwa watano ndani, na nyuma kwenye bodi wamekaa madansa wawili na maspika. Kuanzia Kibaha nikaanza kuona dereva anapigana na usukani. Anakata kidogo kushoto, anarudisha, anakata kulia, anarudisha, na barabara imenyooka! Nikamuuliza, "Bro, vipi?" Akanijibu, "Ndio zilivyo hizi zilizoinuliwa, utazoea."

Tulipopita Chalinze likatokea lori la mafuta mbele yetu, linakuja. Pembeni kushoto kuna bodaboda kapakia mama na mtoto mgongoni. Lori lilipotupita upepo wake ukatusukuma, dereva akakata usukani kidogo tu, na gari halikurudi lenyewe kama gari zinavyorudi. Likaendelea kuelekea kushoto. Aliuvuta usukani kwa mikono miwili. Ile bodaboda tuliikosa kwa upana wa mkono, na nilimuona yule mama macho yake. Mpaka leo nayaona.

Unajua ndani ya gari ilikuwaje? Watu walicheka. Mmoja akasema "mnyama kaamka". Na kipande cha video ya safari kikapostiwa jioni na muziki juu yake. Mama na mtoto hawamo kwenye video.

Moro tulikuta tairi ya mbele kushoto inapumua pembeni. Tukaenda kwa fundi mmoja mtu mzima. Akainama, akapitisha kiganja juu ya tairi, kwenda na kurudi. Akasema, "Hebu njoo na wewe ushike." Nikashika. Ukipitisha mkono upande mmoja laini, ukirudisha unakwaruza kama msumeno. Ukingo wa ndani ulikuwa kipara kabisa, nyuzi zinachungulia. Tairi ya miezi miwili!

Fundi akauliza, "Baada ya kuinua mlipima alaimenti?"

Meneja akajibu, "Tumebalansi, mzee wangu."

"Kijana, sikukuuliza kubalansi. Nimekuuliza alaimenti."

Kimya. Meneja anatazama simu.

Wadau, hapo ndipo nilipogundua kwamba watu waliotumia mamilioni kwenye lifti, matairi na rimu hawakutoa elfu arobaini ya kupima magurudumu. Elfu arobaini! Kuna mtu kwenye ile timu analipa zaidi ya hiyo kunyolewa ndevu.

Najua mtakachosema kwenye komenti: "Wewe mwandishi wa umbea, Form Four, magari unayajulia wapi?" Sawa. Ndiyo maana sikurudi Dar nikaandika siku ile ile. Nilirudi kwa mafundi watatu tofauti, hapa Dar wawili na yule wa Moro kwa simu, nikauliza maswali ya kijinga mpaka nikaelewa. Nawapa kwa lugha yetu.

Gurudumu la mbele lina pembe tatu za kuangalia.

Ya kwanza wanaita kasta. Angalia baiskeli kwa ubavu. Ile uma inayoshika tairi ya mbele haijasimama wima, imelala kidogo kurudi nyuma kwako. Ndiyo inayokuwezesha kuachia mikono na baiskeli ikaenda moja kwa moja. Gari nalo lina mlalo huo. Ndio unaorudisha usukani katikati ukimaliza kona. Ukiinua pikapu mbele, mlalo huo kwa kawaida unapungua. Ukipungua sana, gari linakuwa jepesi kuzurura, kila upepo linaufuata, na usukani haurudi wenyewe. Kumbukeni lile lori la Chalinze.

Ya pili ni kemba. Simama mbele ya gari, tazama tairi: imesimama wima au imelala upande? Pikapu nyingi za kisasa mbele zina mikono miwili kila upande, wa juu na wa chini, inayobeba gurudumu. Ukiinua, mikono yote inaning'inia kwenda chini kuliko kiwandani, na tairi linabadilisha mlalo. Matokeo yake linakula upande mmoja, upande wa pili mpya.

Ya tatu ni ile ya kutazama kutoka juu. Wazungu wameipa jina la kidole cha mguu, na kweli ndivyo ilivyo: vidole vyako vinatazamana ndani au vimetawanyika nje kama bata? Matairi yanayotazama ndani kupita kiasi au nje kupita kiasi hayabingiriki tu, yanaburuzwa. Gari likiinuliwa, vile vijiti vya usukani vinavyoshika magurudumu vinainama, na pembe hii inahama hapo hapo. Hii ndiyo muuaji mkubwa wa matairi.

Twendeni na hesabu ya darasani. Tairi moja likiwa limekaa vibaya kwa digrii moja tu, kila kilometa unayotembea linasukumwa kwa upande kama meta 17. Dar mpaka Moro ni karibu kilometa 200. Zidisha mwenyewe: zaidi ya kilometa tatu tairi linasuguliwa kwa upande kwenye lami, kwenda tu, kurudi bado. Ndiyo maana linakuwa msumeno. Halafu mnasema "nimeuziwa matairi feki".

Na wenye zile Land Cruiser za mkonga, ambazo mbele zina ekseli nzima moja, msicheke. Kwenu kemba haihami, lakini kasta inahama vilevile, maana ukiinua ile ekseli inazunguka kidogo. Na kuna chuma kirefu kinachoshika ekseli isiende kulia wala kushoto: ukiinua bila kukirekebisha, ekseli nzima inasogea upande mmoja chini ya gari. Usukani nao unakaa umepinda huku gari linaenda mbele. Kuna mtangazaji mmoja, jina kapuni, anaendesha usukani umekaa saa nane na anaona sawa tu. Anaposti story kila asubuhi na usukani umepinda mbele ya kamera!

Nyuma je? Watu wanadhani nyuma hakuna kitu kwa sababu ni springi za majani na ekseli moja. Kapitie vizuri. Mafundi wakiweka vyuma vya kuinulia kati ya ekseli na springi na ile nati ya katikati isikae kwenye tundu lake, ekseli inakaa mshazari. Gari linatembea kama kaa wa Feri, mbele linatazama huku, matako yanakwenda kule. Umeshawahi kuwa nyuma ya pikapu ukaona kama inataka kuhama njia na haihami? Ndiyo hiyo.

Sasa nakuja kwenye utetezi wenu, maana nimeusoma wote tangu nilipodokeza hii ishu wiki iliyopita.

Kwanza: "Gari langu nimeinua na linakwenda moja kwa moja, alaimenti ya nini?" Ndugu yangu, tairi la kushoto linaweza kuvutia kulia na la kulia likavutia kushoto kwa nguvu ile ile. Yanashindana, gari linanyooka, na matairi yote mawili yanakwisha. Kunyooka kwa gari peke yake hakutoshi kuwa ushahidi.

Pili: "Nimeshabalansi." Kubalansi ni kuweka vile vyuma vidogo vya uzito kwenye rimu ili usukani usitetemeke. Alaimenti ni kupanga magurudumu yatazame yanapotakiwa. Ni vitu viwili. Kama mtu kukata kucha na kupiga mswaki, kimoja hakifuti kingine.

Tatu: "Fundi wangu anapima kwa kamba na jicho." Hapa nitakuwa muungwana, maana wazee wanaojua kamba wapo na nawaheshimu. Kamba ikishikwa na mtu anayejua inaweza kukupa ile pembe ya vidole vizuri tu, ikakufikisha nyumbani. Lakini kasta huioni kwa kamba. Ukienda na kamba umepima kimoja kati ya vitatu, na kilichotaka kutuua sisi Chalinze kamba isingekiona.

Nne, na hii ndiyo inaniudhi kuliko zote: "Pikapu ni gari ya porini bana, haihitaji mambo ya saluni." Pori gani? Pikapu yako imefika Mlimani City, imefika Coco, imefika Masaki, imefika kwenye bethidei. Pori la mwisho kuona ni ile kona yenye mchanga ulipopigia picha. Na hao wanaokwenda porini kweli, watu wa safari kule Arusha, ndio wa kwanza kupima. Waulizeni. Wao gari likizurura wanabeba wageni wa watu, hawana muda wa kiki.

Halafu kuna gereji zetu za mjini. Siwataji na nyie. Mnainua gari, mnapiga nalo video na kibao cha gereji nyuma, mnachukua hela, mnamkabidhi mtu funguo. Mnamwambia apite kwenye alaimenti? Hamumwambii. Au mnamwambia "litajiseti lenyewe". Hakuna gari linalojiseti lenyewe! Springi mpya ndiyo, zinakaa chini kidogo baada ya kutembea. Lakini hiyo ni sababu ya kupima mara ya pili, sio sababu ya kutopima kabisa.

Na mashine zenyewe kuna wanaodanganya. Msanii mwingine, yeye mstaarabu kidogo, aliniambia alipelekwa kwenye mashine, akaona namba nyekundu kwenye kioo, kijana akamwambia "hii imekataa kwa sababu imeinuliwa, lakini iko poa, lipa". Imekataa maana yake nini? Maana yake marekebisho ya kiwandani yamefika mwisho na bado pembe haijarudi. Dawa yake ipo: unabadilisha ile mikono ya juu, unaweka iliyotengenezwa kwa ajili ya gari lililoinuliwa. Kwa pikapu ikishavuka inchi mbili kwenda juu, mafundi wote watatu walinipa ushauri huo. Kama hela ya mikono huna, basi inua kidogo. Hakuna aliyekushikia panga uinue inchi nne.

Haya, kwa anayetaka kufanya vizuri, mpangilio ni huu. Nimeuandika kama walivyonieleza.

Kwanza kabla hata ya mashine, fundi akague bushi, boljointi na tairodi. Kitu kikiwa kinacheza, kupima ni kazi bure, namba zitahama ukitoka getini. Pili, bolti za bushi zikazwe gari likiwa limekanyaga chini kwa uzito wake, sio linaning'inia kwenye jeki, la sivyo bushi zinajikunja na kuchanika mapema. Tatu, upepo uwe sawa kwenye matairi yote. Nne, kama gari lako siku zote linabeba mzigo, maspika, jenereta, bamba la chuma mbele, lipimwe likiwa na mzigo wake. Kulipima tupu halafu ukalipakia ni kujidanganya. Tano, pima mara tu baada ya kuinua, kisha rudi tena ukishatembea kama kilometa 1,000, springi zikiwa zimekaa. Sita, mwambie fundi kasta za pande mbili ziwe karibu sawa, na isiwe pungufu ya ile ya kiwandani.

Na ukiwa hapo hapo, mambo mengine matatu. Taa za mbele zishushwe, maana ukiinua gari taa zinapanda na kumpiga mwenzako machoni. Kuna dada mmoja wa muvi, jina kapuni, akija usiku barabara ya Bagamoyo unadhani ni ndege inatua. Mipira ya breki iangaliwe kama inavutika usukani ukikatwa mpaka mwisho. Na baadhi ya pikapu, Hilux nyingi zikiwemo, zina valvu ya breki za nyuma inayosoma urefu wa gari kujua kama lina mzigo. Ukiinua nyuma bila kuirekebisha, valvu inadhani gari ni tupu muda wote, na inapunguza breki za nyuma hata ukiwa umebeba watu kumi. Rudia kusoma hiyo sentensi taratibu, halafu wafikirie wale madansa wawili kwenye bodi.

Sasa mastaa wangu, nawapenda, mnanilisha, lakini ukweli ni huu. Kuna dogo Tandika ana Hilux ya zamani ya baba yake ya kubebea mchanga. Kaona pikapu yako. Hana hela ya lifti ya dukani, kaenda kwa mchomeleaji kakatiwa vyuma, kaweka chini ya springi. Anakufuata wewe. Kila ulichoposti kakiiga: urefu, rimu, taa. Ambacho hakukiiga ni alaimenti, kwa sababu hukuiposti. Hukuiposti kwa sababu hukufanya.

Siku dogo huyo akiacha njia pale Mbagala watu wakiwa wanasubiri daladala, hakuna atakayekutaja. Wataandika "dereva alikuwa mwendo kasi". Lakini mimi na wewe tutajua.

Kwa hiyo ombi langu ni moja. Mashine ya alaimenti inatoa karatasi. Ina namba kabla na namba baada, nyekundu na kijani. Ukiposti pikapu iliyoinuliwa, weka na karatasi. Swaipu ya pili tu, haikupunguzii chochote. Na nyie wadau, acheni kuandika moto moto kila mahali. Mkiona pikapu imeinuliwa, andikeni maneno matatu: "Karatasi iko wapi?" Bila matusi. Mara hamsini, mara mia, mpaka ijibiwe.

Na mimi naanza na mimi. Kuanzia leo hapa sipandishi tena picha ya pikapu iliyoinuliwa bila karatasi yake, hata kama ni ya nani. Nishazikataa mbili wiki hii na meneja mmoja kaniblock. Poa tu.

Yule msanii wa safari ya Moro? Fundi alimpanga vizuri, matairi mawili ya mbele yakabadilishwa, na kurudi Dar dereva alishika usukani kwa mkono mmoja. Karatasi anayo, niliiona kwa macho yangu ipo kwenye dashibodi chini ya chupa ya maji. Bado hajaiposti.

Mkubwa, najua unasoma hapa. Iposti.

Haya, uwanja wenu. Nani kainua na kapima? Nani kainua na hajapima, na tairi zake zikoje? Tukutane kwenye komenti.